Sahani ya Pili, Meza ya Kumi na Moja

Mwinyimadi alizaliwa Janga, upande wa Kibaha, akaoa Kisarawe, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kulisha watu. Wakati wa vita alikuwa mtumishi wa meza katika mesi ya maofisa wa KAR, jeshi la Waingereza. Aliporudi aliajiriwa katika hoteli moja ya Dar es Salaam, akavaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, akajifunza kutembea bila kusikika. Wenzake walisema kwamba Mwinyimadi akikuwekea chakula huoni mkono, unaona sahani tu. Yeye mwenyewe alikula baadaye, jikoni, amesimama, akiwa na sikio moja mlangoni. Kwa miaka mingi hakujua kula kwingine.

Jambo moja lilimkaa rohoni. Mkewe, Mwanakheri, alifariki mwaka wa njaa, wakati yeye yuko Seloni na kikosi chake kinangoja kuvuka kwenda Burma. Barua ya msiba ilimfikia baada ya miezi minne. Alipofika Kisarawe, vita vimekwisha, alikuta kaburi limeota nyasi na hitma imesomwa zamani. Mama mkwe wake, Bi Biubwa, hakumficha kitu.

"Siku ile tulikula uji wa muhogo, mkwe wangu," alimwambia. "Walikuja watu kumi na mmoja. Kila mtu kikombe kimoja, na cha wa mwisho hakikujaa."

Moyoni Mwinyimadi alijiwekea nadhiri kwamba siku moja atamsomea Mwanakheri hitma nyingine, achinje ng'ombe, watu wa Kisarawe wale mpaka wabakishe. Miaka sita ilipita. Mshahara wa hoteli ulitosha chumba, mavazi na nauli, ng'ombe akabaki nadhiri.

Ndipo Januari ya mwaka 1951 ikatia nanga meli ya matembezi ambayo watumishi wake wanane wa mezani walikuwa wameshikwa na tetekuwanga. Wakashushwa, wakatengwa, na wakala wa meli akapita katika mahoteli kutafuta watu wa kuziba nafasi mpaka mji wa Kepu, mwisho wa Afrika kusini, ambako wangepatikana wengine. Kutoka huko wangerudishwa kwa meli nyingine. Ujira wa safari hiyo moja ulikuwa ng'ombe mzima, na baki. Tena kila mtu angepewa cheti cha kazi njema.

Mwinyimadi alikwenda Kisarawe kuaga. Bi Biubwa alikuwa uani anapepeta mchele. Mkwe akasimama mbali kidogo, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Naambiwa unakwenda baharini."

"Nakwenda mama, nikatafute ng'ombe wa Mwanakheri."

Bi Biubwa akarusha mchele, akaudaka. "Ng'ombe? Mwanangu hakuwa mtu wa nyama. Alipenda samaki, tena kichwa."

"Ni kwa heshima yake, mama."

"Heshima ya nani, mkwe wangu?" alisema mama, bila ukali, akaendelea kupepeta.

*

Meli ilikuwa nyeupe kutoka majini mpaka kwenye madohani. Jina lake lilikuwa refu, la Kizungu, na makuli wa gatini waliiita Nyeupe, basi Mwinyimadi naye akaiita hivyo. Haikuchukua katani wala pamba. Ilichukua watu mia mbili na kidogo, wengi wao wazee, ambao hawakuwa wanakwenda mahali popote. Jambo hilo lilimchukua siku tatu kulielewa. Walitoka Uingereza, wataizunguka Afrika nzima, kisha watashukia pale pale walipopandia.

"Wanatafuta nini?" alimwuliza Alfonce.

"Wanatafuta njaa," Alfonce alijibu. "Huoni inavyowakimbia?"

Alfonce alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki, mwosha vyombo wa hoteli ile ile ya Dar es Salaam. Walichukuliwa pamoja, na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, hawakuwa wamewahi kusemezana siku moja bila kutukanana. Mwinyimadi akimwambia kwamba babu zake walibeba meno ya tembo mpaka shingo zikaingia kifuani, Alfonce alimjibu kwamba afadhali shingo kuingia kifuani kuliko mali ya nyumba nzima kuishia kwenye ngoma, kama kwa Wazaramo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chai ilipelekwa vyumbani. Saa mbili na nusu kengele ilipigwa, watu wakateremkia ukumbini kula mayai, samaki wa moshi, uji wa shayiri na mkate wa moto. Saa tano, wakiwa wamejinyoosha juu kwenye viti vya turubai na mablanketi magotini, walipelekewa supu ya nyama katika vikombe, hata siku ambazo jua lilichoma. Saa saba chakula cha mchana. Saa kumi chai na keki, na bendi ya watu watano. Saa moja na nusu jioni ndiyo karamu yenyewe: wanaume koti jeusi, wanawake mabega wazi, vyakula saba kimoja baada ya kingine, na kila siku karatasi mpya iliyopigwa chapa kueleza watakachokula. Katikati ya chakula na chakula walirusha pete za kamba, walicheza karata, walilala.

Mwinyimadi aliijua kazi hiyo, lakini baharini ilikuwa na mambo yake. Bahari ikichafuka, ilibidi kumwagia kitambaa cha meza maji ili sahani zisiteleze, na kuinua ubao mdogo pembeni mwa meza ili zisianguke. Supu ilitiwa nusu bakuli. Ilibidi kutembea magoti yamelegea, macho yakitazama mtu badala ya sinia, kwa kuwa ukilitazama sinia linamwagika. Siku ya pili aliweza. Siku ya tatu msimamizi wa ukumbi, Mgoa aliyeitwa Bwana Fonseka, mtu mfupi mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vijiko, alimpa meza nne za dirishani.

"Hizi tatu ni za kawaida," alisema kwa Kiswahili cha Mombasa. "Hii ya kumi na moja ina viti viwili na bibi mmoja. Jioni haji kula ukumbini. Mchana utamwekea sahani mbili. Yake atachagua mwenyewe. Ya pili ni samaki kila siku, na wali wa maziwa baadaye. Utaiweka mbele ya kiti kitupu, utangoja kama mtu anakula, kisha utaiondoa. Usiulize kitu."

Mwinyimadi hakuuliza. Bibi alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, gauni la kijivu. Aliitwa Bi Loxton. Alikula polepole, na mara moja moja alikitazama kile kiti, si kwa huzuni kubwa, bali kama mtu anayetaka kujua kama mwenzake amemaliza. Mwinyimadi alipoiondoa sahani ya pili, samaki mzima, mvuke umekwisha, bibi alimwambia asante kwa sauti ya chini. Kwa sahani yake mwenyewe hakusema asante.

Njiani kurudi jikoni, sahani mkononi, Mwinyimadi alimwuliza mzee mmoja Mwingereza aliyetandika vyumba. Mzee alimwambia kwa maneno machache kwamba mume alipanda naye, na kwamba alifariki kabla hawajafika Adeni.

"Jina lake nani?"

"Edwin," alisema mzee, akaenda zake na mashuka.

*

Nyuma ya ukumbi palikuwa na chumba cha vyombo, na ukutani palikuwa na mdomo wa bati, mpana kama pipa, unaoteremka hadi nje. Kazi ya Alfonce ilikuwa kupokea sahani zinazotoka mezani na kukwangua mabaki ndani ya mdomo ule. Amri ya meli ilikuwa moja: kisicholiwa kinakwenda baharini. Mtumishi akionja mabaki ya abiria anahesabiwa ameiba. Bata mzima, nusu keki, mikate isiyoguswa, vyote viliteremka, na samaki wakubwa walifuata meli mchana kutwa.

Alfonce alinyoosha mkono. "Lete, Mzaramo. Wageni wangu wa chini wanangoja."

Mwinyimadi aliishika sahani ya pili kifuani. "Hii simwagi."

"Una njaa? Au umeona hapa hakuna arusi ya kuvamia?"

"Ni chakula cha marehemu. Kile kiti ni cha mumewe."

Alfonce akaacha kucheka. Hata kwao Tabora jambo hilo lilijulikana. Chakula kilichoandaliwa kwa jina la aliyekufa huliwa na walio hai kwa niaba yake. Ukikitupa, umemfukuza mwenye jina mlangoni kwake. Alifikiri kidogo, kitambaa begani.

"Basi angekula mtani wake," alisema. "Mtani wa Mwingereza ni nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Lazima ni Mjerumani. Ila hao utani wao wameuzidisha."

Mwinyimadi alicheka bila kutaka. Kisha akaifunika sahani kwa bakuli, akaiweka juu ya rafu.

Saa tisa alasiri, abiria wamelala, aliingia nayo katika chumba kidogo cha vitambaa vya meza. Alitandika kitambaa kilichochakaa sakafuni, akaketi, akakunja miguu. Hapo ndipo alipotambua kwamba hajaketi kula kwa muda asioukumbuka. Alinawa kwa maji ya kikombe. Hakujua kama inafaa kumsomea Fatiha Mkristo, basi hakuisoma. Alisema tu, "Edwin, Mungu akupumzishe," akala samaki mzima kwa mkono, akala na wali wa maziwa, akapangusa sahani kwa kidole.

Alifanya hivyo kila siku. Meli ilipita Beira, ikapita Lorenzo Marks, ikakaa Durban, ambako abiria walipelekwa mashambani kuangalia wanyama na watumishi weusi hawakuruhusiwa kutoka gatini. Chini walikolala, watu wanane chumba kimoja kando ya mashine, ukuta wa chuma ulitetema usiku kucha na mtu aliamka amelowa jasho kama aliyeoga. Juu kulikuwa na dansi. Mwinyimadi aliyachukua yote hayo kama yalivyo. Saa tisa ikifika, alikuwa na mahali pake.

Siku ya nne au ya tano, baada ya kulitaja jina la Edwin, ulimi wake uliongeza jina jingine bila yeye kuuagiza. Alisema, "Na Mwanakheri." Alisita na tonge mkononi. Kisha akala. Tangu siku hiyo hakuacha kuyataja yote mawili, na ilimjia kwamba mlo ule wa sakafuni, kati ya makabati ya vitambaa, ndio uliokuwa hitma ya kwanza aliyopata kumlia mkewe.

*

Siku ya kumi na nne tangu apewe meza ile, meli imekwisha kutoka Durban, bahari ilichafuka. Vitambaa vya ukumbini vililowa vyote, na Bwana Fonseka akaja mwenyewe kuchukua vikavu. Alifungua mlango akamkuta mtumishi wake bora ameketi chini, vidole vina mchuzi, sahani yenye nembo ya meli mbele yake.

"Kumbe," alisema. Halafu akasema, "Simama."

"Bwana, niruhusu nimalize. Yamebaki matonge mawili."

Bwana Fonseka alibaki ameshika mlango. Mwinyimadi akala tonge la kwanza, akala la pili, akapangusa sahani, ndipo akasimama. Baadaye Alfonce alimwambia kwamba matonge yale mawili ndiyo yaliyomponza kuliko samaki kumi na wanne.

Asubuhi yake walikwenda kwa karani mkuu wa meli. Njiani, penye ngazi, Fonseka alisimama akamgeukia. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kwa kuosha vyombo.

"Sikiliza. Utasema ulikuwa na njaa. Utakatwa ujira wa wiki moja, yataisha. Cheti nitakuandikia mimi."

"Sikuwa na njaa, Bwana."

"Najua. Chakula chenu nakigawa mimi. Nakwambia useme."

Mwinyimadi aliuona ng'ombe wake wazi, mwekundu, amefungwa kamba uani kwa Bi Biubwa. Neno moja tu lingemfikisha Kisarawe. Lakini akisema alikuwa na njaa, basi zile sahani zote zilikuwa makombo aliyodokoa, na majina mawili aliyoyataja juu yake yalikuwa ya nini?

"Siwezi, Bwana," alisema.

Fonseka akatikisa kichwa, wakapanda.

Ofisini alikuwamo karani mkuu, na kando yake ameketi Bi Loxton, kwani sahani ilikuwa yake na iliwabidi wamwarifu. Karani aliisoma kesi kwa sauti ya kuchoka. Mwinyimadi, kwa Kiingereza chake cha mesini, alisema kweli, alikula.

Bi Loxton akainua kichwa. "Zote?"

"Zote, memsahib. Tangu nilipopewa meza yako."

"Hakuna hata moja iliyokwenda baharini?"

"Hata moja, memsahib." Alidhani amepata nafasi ya kueleza. "Nisingeweza kumtupia chakula. Nilimlia mimi, kwa jina lake."

Mkono wa bibi ulishika ukingo wa meza.

"Mume wangu yumo baharini," alisema. "Walimshusha majini siku ya tatu kutoka Suezi. Waliniambia hapa kila kinachobaki kinakwenda majini. Ndiyo maana nikaagiza sahani."

Kwao Mwinyimadi, mtu akifa maji hutafutwa siku nyingi, hata kama ni mfupa mmoja, ili apate udongo. Kwamba mtu aliyefia kitandani anaweza kushushwa baharini kwa makusudi, na watu wake wamesimama wanatazama, halikuwa limepita katika mawazo yake. Aliposikia Adeni alijichorea kaburi la Adeni, udongo mkavu, jiwe kichwani. Siku kumi na nne huyu bibi alimtumia mumewe chakula, na siku kumi na nne yeye alikizuia njiani.

"Sikujua, memsahib," alisema. "Nilidhani ana kaburi."

Hakuomba asamehewe ujira. Aliomba radhi kwa sahani tu. Akaeleza, kwa maneno mafupi, desturi ya kwao ilivyo, na kwamba alikuwa akitaja jina.

"Jina gani?"

"Edwin." Akaongeza, kwa kuwa asingeweza kuacha nusu, "Na la mke wangu. Alikufa nikiwa vitani."

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Ulimaliza chote?"

"Hata mchuzi, memsahib."

"Yeye pia alikuwa hivyo," alisema Bi Loxton, akanyanyuka, akatoka kwa kushika kuta.

Hukumu ilikuwa nusu ya ujira, kutolewa ukumbini, na cheti hakuna. Fonseka alisema hawezi kumwandika kuwa mwizi, na kuandika uongo kwamba hakula hawezi pia, basi haandiki kitu. Mwinyimadi akavua kanzu, akavaa aproni ya turubai, akasimama kando ya Alfonce penye mdomo wa bati.

"Karibu kwa mabaharia," Alfonce alisema. Kisha akamsogezea ndoo ya kukalia. "Kaa kwanza, mtani."

Mchana ule mtumishi mwingine alileta sahani ya pili kutoka meza ya kumi na moja. Alileta na agizo: memsahib anataka aimwage yule yule aliyezila zile nyingine, kwa mkono wake, si katika bomba.

Mwinyimadi aliichukua, akapanda mpaka nyuma kabisa ya meli, penye kamba kubwa zilizozungushwa, akasimama akitazama maji meupe yanayokimbia nyuma. Ilikuwa kazi ngumu kwake. Mikono iliyoandaa vyakula maisha yote ilikataa kugeuza sahani. Mwishowe alisema, "Edwin, hiki chako, na zile zilizopita unisamehe," akaigeuza. Samaki alielea kidogo, akazama. Juu, kwenye roshani ya abiria, alimwona bibi wa kijivu ameshika chuma, anatazama.

Siku nne ilikuwa hivyo, yeye chini na bibi juu.

Siku ya tano ilikuwa ya mwisho. Mlima wa Kepu ulikuwa umekwisha kuonekana, bapa kama meza iliyoondolewa vyombo, na abiria wote walikuwa mbele wakiuelekezea kamera. Mwinyimadi alipofika nyuma alimkuta Bi Loxton amemtangulia, amesimama penye kamba. Hakusema habari za mchana. Aliichukua sahani mkononi mwake, na kwa uma aliokuja nao akamgawa samaki katikati, taratibu, akiuvunja mfupa. Nusu moja, ile ya mkia, akaitupa mwenyewe baharini. Kisha akamrudishia sahani.

"Hii ya kwako," alisema. "Ya huyo mwingine."

"Mwanakheri," alisema Mwinyimadi.

Bibi alilijaribu jina hilo mara moja, likamshinda, akaacha. Mwinyimadi aliketi juu ya kamba, akala ile nusu yenye kichwa kwa mkono, mbele ya macho ya abiria, jambo ambalo hakuna mtumishi aliyepata kulifanya katika meli ile. Bi Loxton alisimama mpaka sahani ikawa tupu. Akaichukua, akaondoka nayo.

*

Nusu ya ujira haikununua ng'ombe. Bila cheti, na habari zikiwa zimekwisha kufika, hoteli ya Dar es Salaam nayo ilikuwa imepata mtu mwingine. Mwinyimadi hakulalamika. Alinunua mchele, nazi, na tenga la samaki changu sokoni alfajiri, akapanda treni mpaka Pugu, kisha akatafuta watu wa kumsaidia kupandisha kilima mpaka Kisarawe. Alimwambia Bi Biubwa kwamba ng'ombe hakupatikana.

"Umeleta nini?"

"Samaki, mama."

Bi Biubwa akafunua tenga, akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili. "Basi umemleta Mwanakheri mwenyewe," alisema, akaita wanawake waje wakune nazi.

Hitma ilisomwa Alhamisi, baada ya adhuhuri, na Mwalimu Mwinjuma, yule yule aliyesoma mwaka wa njaa. Walikuja watu wengi kuliko mikeka. Mwinyimadi alikuwa ametandika vitambaa vyeupe barazani, akapanga masinia kwa nafasi sawa, akapita nyuma ya migongo ya watu na birika la kunawia, bila kusikika. Pembeni aliweka sahani moja peke yake, wali na kichwa cha changu kikubwa kuliko vyote.

Alfonce alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, na koti la kuazima. Aliiona sahani ile kabla hajasalimia watu.

"Hiyo ya nani?"

"Ya marehemu."

"Hapa basi mtani yupo," Alfonce alisema kwa sauti ya kusikika baraza zima, akaivuta kwake. "Wazaramo mtanisamehe. Mimi na huyu ndugu yenu tumetupa chakula baharini mpaka samaki wakatujua kwa majina. Hiki hakitupwi." Watu wakacheka, Mwalimu Mwinjuma naye akacheka akijizuia. Alfonce akanawa, akasema, "Mwanakheri, shemeji yangu," na tangu hapo hakusema kitu tena mpaka alipofikia jicho la samaki.

Mwinyimadi alikuwa bado amesimama, sinia tupu mkononi, sikio mlangoni. Sauti ya Bi Biubwa ilitoka ndani, kwa wanawake, nyuma ya pazia.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Yule mume wa Mzungu uliyenihadithia. Yeye nani alimlia?"

"Mimi, mama. Halafu samaki wakamlia."

"Na wewe umekula?"

"Bado, mama. Nitakula baadaye."

"Keti," alisema Bi Biubwa.

Mzee mmoja alisogea, wa pili naye akasogea, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka. Mwinyimadi akaliweka chini lile sinia. Akaketi, akakunja miguu, na mtu mwingine akamletea maji ya kunawa.